Swali Moja kwa Saa Moja na Nusu

Katika toleo lililopita niliandika kwa kifupi juu ya mashindano ya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, nikawaomba wasomaji waniulize lolote. Barua zimefika, kuanzia Webuye hadi Njoro. Nimezifupisha, majina nimeyaficha kama mlivyoomba, na nimetanguliza ile iliyonigusa zaidi.

"Mwalimu, salamu nyingi. Mimi niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa karibu na Webuye. Hesabu darasani napata A, na muhula uliopita niliongoza darasa. Majuzi mwalimu wetu alitupeleka kwenye mashindano ya mtindo wa Olimpiadi. Maswali yalikuwa sita. Nilimaliza moja, la pili nikalikwamia katikati, na yale manne sikujua hata pa kuanzia. Tangu hapo sina raha. Je, hii A yangu ni ya kukariri tu? Niachane na mashindano?"

Mwanangu, usiachane nayo. A yako ni ya halali. Umeipata katika mtihani wa aina moja, kisha ukapelekwa kwenye mtihani wa aina nyingine bila mtu kukueleza tofauti yake.

Tazama karatasi ya hesabu ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Muda ni saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima. Sehemu ya pili ina maswali 8, nawe unachagua 5. Kwa hiyo unajibu maswali 21 kwa dakika 150, kama dakika 7 kwa kila swali. Mtihani wa namna hiyo unamtaka mwanafunzi anayelitambua swali mara tu analipoliona: hili ni la matriksi, hili ni la riba, hili ni la duara na tanjenti. Ukishalitambua, njia unaijua, kilichobaki ni mkono usiteleze. Hicho ni kipawa cha kweli na umekifanyia kazi.

Sasa tazama Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati. Ni siku mbili, kila siku maswali matatu, kila siku muda wa saa nne na nusu. Yaani saa tisa kwa maswali sita, saa moja na nusu kwa swali moja. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, ambayo ilianzia Morocco mwaka 1987 na ikafanyika kwetu Nairobi mwaka 2018, nayo hufuata mpangilio huo huo. Muda wote huo unatolewa kwa sababu maswali yametungwa makusudi yasitambulike. Hakuna mtoto anayeingia chumbani akasema "hili nalijua". Kila mmoja, hata yule atakayetoka na dhahabu, anaanza mahali ulipoanzia wewe: hajui pa kushika.

Halafu angalia alama. Kila swali lina alama 7, jumla 42. Medali hupewa nusu ya washiriki au pungufu. Lakini asiyepata medali, kama amelijibu swali moja kikamilifu, alama 7 kwa 7, hupewa cheti cha heshima. Hao ni vijana waliochujwa nchi nzima wakapatikana wasiozidi sita, na bado swali moja lililokamilika linatambuliwa rasmi. Wewe ulikamilisha moja siku yako ya kwanza.

Nataka nikuonyeshe jambo ili usinichukulie kuwa nakubembeleza. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanyika Romania mwaka 1959, nchi saba zikashiriki. Swali la kwanza kabisa lilikuwa hili: thibitisha kwamba sehemu yenye 21n + 4 juu na 14n + 3 chini haiwezi kurahisishwa, hata n iwe namba asilia gani.

Swali hili nimeliandika ubaoni mbele ya kidato cha pili mara nyingi, na mwanzo wake huwa ule ule. Darasa linaanza kujaribu. Wanaweka 1, wanapata 25 juu ya 17. Wanaweka 2, 46 juu ya 31. Wanaweka 3, 67 juu ya 45. Wanaweka 10, inakuja 214 juu ya 143, hapo kuna ubishi kidogo kwa sababu 143 inagawanyika kwa 11 na kwa 13, lakini 214 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Baada ya dakika ishirini darasa zima limeshaamini. Mtu anainua mkono: "Mwalimu, ni kweli, hairahisishiki." Namwuliza: na n ikiwa milioni tatu na saba? Kimya. Kuamini wameamini. Kuthibitisha bado.

Kisha namwomba mmoja aje atoe ya chini kutoka ya juu. 21n + 4 toa 14n + 3, inabaki 7n + 1. Sasa chukua hiyo 7n + 1, itoe mara mbili kutoka kwa 14n + 3. Inabaki 1. Basi. Kama kuna namba inayogawanya ya juu na ya chini bila baki, itagawanya pia tofauti yake, na tofauti ya hiyo tofauti, mpaka igawanye 1. Namba asilia inayogawanya 1 ni 1 yenyewe. Swali limekwisha, kwa n zote kwa pamoja, hata ya milioni tatu na saba.

Angalia kilichotumika: kutoa, na habari za kigawo cha shirika ulizofundishwa shule ya msingi. Hakuna fomula hata moja ambayo hukuwa nayo siku ile. Ulichokosa ni mazoea ya kukaa na swali lisilokupa njia. Mazoea hayo yanajengwa, na ushauri wangu ni huu. Lichukue lile swali la pili uliloacha katikati. Usitafute jibu lake popote. Liweke kwenye daftari tofauti na lile la darasani, ulirudie jioni tofauti wiki hii, na kila unachojaribu ukiandike, hata kikishindikana, pamoja na sababu ya kushindikana. Likikukatalia kabisa, jaribu lile lile kwa namba ndogo, au lichore. Lichukue kwa utulivu. Nisingependa uingie swali la tatu kabla hujaonja kulimaliza hili.

"Mwalimu mpendwa, mimi ni msichana wa sekondari, Nakuru. Katika klabu yetu ya hesabu tuko wasichana wawili tu. Wavulana wakianza kujadili, chaki hainifikii. Swali likiulizwa wanajibu kabla sijamaliza kufikiri. Mmoja aliniambia kazi yetu ni kuandika jibu vizuri, wao watafikiri. Mwenzangu anataka tutoke. Nifanye nini?"

Binti yangu, msitoke. Na huyo aliyekwambia kazi yako ni kuandika jibu vizuri hajajua alichosema. Katika mashindano haya, kinachopewa alama ni maandishi. Hakuna anayesahihisha mawazo yaliyobaki kichwani. Mtu anaweza kuliona jibu kwa dakika tatu, akaandika mistari miwili isiyoshikana, akapata alama 1 kati ya 7. Mwingine anaona polepole, anaandika hatua kwa hatua, anaeleza kila "kwa hiyo" imetoka wapi, anapata 7. Kama una mkono wa kuandika uthibitisho unaosomeka, una kitu ambacho mimi hunichukua mwaka mzima kuwafundisha wavulana wenye haraka.

Ngoja nikusimulie habari za Maryam Mirzakhani, wa Iran. Alipokuwa shule ya kati, mwaka mmoja mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji cha hesabu, naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata akapata mwalimu aliyemtia moyo. Huko shuleni alikuwa na rafiki, Roya Beheshti. Siku moja wasichana hao wawili walipata nakala ya maswali ya mashindano ya taifa ya kompyuta. Maswali yalikuwa sita, na kwenye mashindano yenyewe yalitakiwa kumalizwa kwa muda wa saa tatu. Wao walikaa nayo siku kadhaa wakatatua matatu. Wangeweza kusema wameshindwa nusu. Badala yake walifurahi kwamba wanaweza kutatua hata moja, wakaenda kwa mwalimu mkuu kudai wafundishwe utatuzi wa maswali kama ilivyokuwa shule ya wavulana. Mwalimu mkuu, mwanamke, akakubali.

Mwaka 1994 Maryam alikwenda Olimpiadi ya Kimataifa kule Hong Kong, akarudi na dhahabu. Mwaka 1995, Toronto, alipata alama zote 42. Mwaka 2014 akapewa Medali ya Fields, ambayo ndiyo heshima kubwa zaidi kwa wanahisabati walio chini ya miaka 40. Ilikuwa ikitolewa tangu 1936, na hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 40. Mwenyewe alijieleza kuwa ni mtu anayefikiri polepole. Hebu soma sentensi hiyo tena, kisha umsomee na mwenzako.

Kuhusu chaki: mwende kwa mwalimu wa klabu, nyote wawili, mumwombe mambo mawili. La kwanza, swali likishaandikwa ubaoni, dakika kumi na tano za kwanza ziwe za kimya, kila mtu na daftari lake. La pili, anayepewa chaki kwanza awe yule ambaye hajazungumza siku hiyo. Hakuna atakayeumia kwa kanuni hizo. Wale wavulana wenye kasi nao watagundua kwamba nusu ya majibu yao ya haraka yana mashimo, na wataanza kuyaziba kabla ya kuinua mkono. Nimeona klabu ikibadilika hivyo katika muhula mmoja. Pia mjue kwamba huko Ulaya wameanzisha Olimpiadi ya wasichana peke yao, tangu 2012, kwa sababu hiyo hiyo unayoniandikia. Hujasimama peke yako hata kidogo.

"Mwalimu, mimi ni mama, nauza omena soko la Kibuye. Kijana wangu wa kidato cha tatu amekolea kwenye hizi hesabu za mashindano. Taa inawaka hadi usiku wa manane, na asubuhi nikimwuliza, bado ni swali lile lile. Kemia imeshuka kutoka B hadi C. Sasa shule inataka pesa za safari. Niambie ukweli: haya mashindano yatampa nafasi chuoni?"

Mama, pole na kazi, na asante kwa kuuliza waziwazi. Nitakujibu vivyo hivyo.

Kwa vyuo vyetu hapa Kenya, la. Nafasi hugawanywa kwa kuangalia matokeo ya KCSE na alama za masomo yanayotakiwa na kozi. Medali ya hesabu haiongezi hata nusu pointi. Akitaka uhandisi au udaktari, ile C ya kemia itamfungia mlango ambao hakuna cheti cha mashindano kitakachoufungua. Kwa baadhi ya vyuo vikuu vya nje hali ni tofauti kidogo, kwa sababu huko husoma historia ya mwombaji na medali ya kimataifa huonekana. Lakini vijana wanaofika huko ni wachache mno, na sitaki ukope pesa ukitegemea jambo hilo.

Kwa hiyo kemia kwanza. Mweke chini mkubaliane: siku za shule, taa izimwe saa nne usiku, na kazi za masomo yote zimalizwe kabla ya daftari la mashindano kufunguliwa. Jumamosi alasiri na Jumapili jioni ziwe zake na swali lake. Kijana anayependa kitu kwa kiasi hicho atakubali mpaka uliowekwa kwa haki. Asichokubali ni kupigwa marufuku. Ukimpiga marufuku atafanya chini ya blanketi na kemia haitapanda.

Lile la kukuta asubuhi bado ni swali lile lile lisikutishe. Ndivyo kazi hii ilivyo. Hesabu za darasani zinaonyesha maendeleo kwa kurasa. Hizi zinaonyesha maendeleo kwa mtoto kujua njia tano zisizofika. Ukitaka kupima kama anafanya kazi kweli au anajificha nyuma ya daftari, kuna kipimo unachoweza kukifanya wewe mwenyewe bila kujua hesabu. Jioni mkichambua omena, mwambie akueleze swali linasema nini. Asikueleze jibu, akueleze swali, kwa Dholuo au Kiswahili, lugha mnayozungumza nyumbani. Kama anaweza kukueleza mpaka ukaelewa kinachotafutwa na kwa nini ni kigumu, basi amelielewa na usiku wake haukupotea. Akianza kukwambia "mama, hii huwezi kuelewa," mrudishe. Hajalielewa bado. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hili miaka mingi, na wengi wao walipata jibu katikati ya kumweleza dada au bibi.

Kuhusu pesa za safari: mwulize mwalimu mashindano yenyewe ni yapi, yanaandaliwa na nani, pesa ni za usafiri au ni za kiingilio, na kama kuna wanafunzi wanaolipiwa. Una haki ya kupata majibu hayo kabla ya kutoa shilingi. Ikiwa hali hairuhusu, kijana hatakosa kitu cha msingi. Maswali ya miaka iliyopita ya Olimpiadi ya Kimataifa yanapatikana bure kwenye intaneti, yote, kuanzia lile la 1959. Anaweza kuyanakili kwenye simu ya mtu kwa dakika chache akakaa nayo mwaka mzima.

"Ni kweli kwamba hawaruhusu kikokotoo? Na ukikosea kuzidisha je?" (Mwanafunzi, Kakamega)

Ni kweli. Kalamu, rula, bikari, basi. Lakini usiogope, maswali yenyewe hayana kuzidisha kukubwa. Mfano wa kukuonjesha: ukizidisha saba zipatazo 2026 zote kwa pamoja (7 × 7 × 7 na kuendelea), tarakimu ya mwisho ya jibu ni ipi? Kikokotoo chako kitagoma. Wewe anza: 7, halafu 49 inaishia na 9, halafu 343 inaishia na 3, halafu 2401 inaishia na 1, kisha inarudi 7. Zinazunguka nne nne. 2026 ukiigawanya kwa 4 inabaki 2, kwa hiyo ni 9. Umemaliza bila mashine.

"Mwalimu mwenzangu, nafundisha hesabu upande wa Luanda, Vihiga. Shule yetu ina watoto werevu lakini haina maktaba wala intaneti ya kutegemea. Kila muhula twaenda kontesti na shule jirani: watoto wanagawanywa vikundi, wanafanya karatasi za KCSE zilizopita, wanasahihishiwa, wanakula mkate na soda, twarudi. Nahisi hayatoshi. Nianzeje klabu bila pesa?"

Mwalimu mwenzangu, kontesti hizo usiziache. Zina faida yake: mtoto wa shule ndogo anakaa meza moja na wa shule kubwa, anagundua kwamba wote wana ubongo wa aina moja, na karatasi ya pili ya KCSE inapungua kutisha. Mimi mwenyewe nilizipenda. Ila hisia yako ni sahihi. Ni marudio ya mtihani, na marudio ya mtihani hayamfundishi mtoto kufanya nini asipojua la kufanya. Tuwape yote mawili na tuyaite kwa majina yake.

Klabu inahitaji ubao, chaki, na saa moja na nusu kwa wiki isiyoguswa na kitu kingine. Ijumaa baada ya masomo ni nzuri. Idadi isikusumbue, watoto wanane wanaorudi kila wiki ni bora kuliko arobaini wanaokuja siku ya picha. Chukua swali moja tu. Narudia, moja. Kishawishi chetu walimu ni kuleta karatasi yenye maswali kumi ili tuonekane tumefanya kazi, na watoto wanafanya yale matatu mepesi, wanaondoka na furaha ya bure.

Anza na hili, halihitaji hata daftari. Andika ubaoni namba kuanzia 1 hadi 10. Mtoto anakuja, anafuta namba mbili zozote, anaandika tofauti yake mahali pake. Akifuta 9 na 4, anaandika 5. Anakuja mwingine, vivyo hivyo, mpaka ibaki namba moja. Waambie: atakayefanikisha namba ya mwisho kuwa sifuri, nitamnunulia soda. Wafanye vikundi wacheze. Watacheza kwa bidii kweli kweli, na soda hutainunua. Kundi moja litabakiwa na 1, lingine 3, lingine 5. Usiseme kitu. Baada ya muda mtoto mmoja, mara nyingi yule wa nyuma asiyezungumza, atasema: "Mwalimu, kwa nini sifuri haiji?" Hapo ndipo klabu yako imezaliwa.

Waongoze hivi, kwa maswali, usiwape. Jumla ya namba zote mwanzoni ni ngapi? 55. Ni witiri au shufwa? Witiri. Ukifuta 9 na 4 ukaandika 5, jumla imepungua ngapi? Imepungua 8. Jaribu nyingine. Imepungua tena kwa namba shufwa. Kwa nini daima ni shufwa? Wakilipata hilo, kwamba unapoondoa namba mbili na kurudisha tofauti yake, jumla hupungua mara mbili ya ile ndogo, wamemaliza: jumla ilianza witiri, itabaki witiri hadi mwisho, na sifuri si witiri. Wameshika wazo la kutafuta kitu kisichobadilika wakati kila kitu kinabadilika, na wazo hilo litawafungulia maswali mengi ya Olimpiadi. Wiki inayofuata waulize: na tukianza 1 hadi 11, au 1 hadi 12? Waache watabiri kabla ya kucheza.

Kusahihisha, tumia alama 7 kama wanavyofanya kwenye mashindano yenyewe. Jibu sahihi bila sababu lipate alama 1 au lisipate. Njia nzuri iliyokwama karibu na mwisho ipate 5. Watoto watalalamika mwanzoni, maana wamezoea kwamba jibu ndilo kila kitu. Shikilia hapo hapo. Na wabadilishane madaftari wasahihishane. Kusoma uthibitisho wa mwenzako ukatafuta shimo lake ni somo kubwa kuliko kuandika wako.

Jambo la mwisho kwako: Maseno ni hapo tu, mwendo mfupi wa matatu. Mwaka 2011 ilianza pale chuoni kambi ya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, ambayo haikuwa mashindano hata kidogo. Watoto walicheza michezo ya mantiki, wakavunja maandishi ya siri, wakachora jiometria kwenye kompyuta kwa programu ya GeoGebra, ambayo ni ya bure. Nenda idara ya hisabati uulize kuna nini sasa, na kama mwanafunzi wao wa mwaka wa tatu au wa nne anaweza kufika shuleni kwako Ijumaa moja kwa mwezi. Wengi wao wametoka shule kama yako. Hapa kwetu milango ya vyuo inafunguka mtu akifika na kuuliza kuliko akituma barua.

"Mwalimu, mimi ni mzee hapa Njoro. Mjukuu wangu ameingia Gredi ya 10 na amechagua mkondo wa sayansi ya jamii, lakini hesabu anazipenda sana tangu utotoni. Je, amejifungia nje ya mashindano?"

Mzee wangu, heshima kwako. Hajajifungia. Sheria za Olimpiadi ya Kimataifa zinaangalia umri na shule: mshiriki awe chini ya miaka 20, na asiwe ameanza chuo kikuu. Hazimwulizi mtoto amechagua mkondo gani. Maswali yenyewe yanatoka kwenye aljebra, jiometria, tabia za namba nzima, na kuhesabu kwa njia ngapi jambo linaweza kutokea. Kalkulasi haimo. Anachohitaji ni mwalimu wa hesabu wa shule yake ajue kwamba yupo, kwa sababu watoto wa mikondo mingine husahaulika majina yanapoandikwa. Naomba uende naye siku ya wazazi umtambulishe wewe mwenyewe. Mwalimu atalikumbuka jina lililoletwa na babu.

Swali la mwezi huu, kwa yeyote wa umri wowote: chama cha akina mama kina wanachama 9. Wamekutana Kisumu, wengine wakasalimiana kwa mkono, wengine hawakufikiana. Katibu anasema kila mwanachama alisalimiana kwa mkono na wanachama 3 kamili, si zaidi wala si pungufu. Thibitisha kwamba katibu amekosea. Nitumieni maelezo kamili kabla ya tarehe 20. Aliyeandika "haiwezekani" peke yake sitamchapisha, na aliyefika nusu ya njia akaeleza alipokwama nitamjibu kwa jina lake la kalamu katika toleo lijalo.